Kumsikilizia Fundi

Wanawake wengi hawaijui sauti hiyo, na wanaume wengi wanaodai kuijua wanadanganya. Gari linapopanda mlima kwa gia ya juu, na cheche za plagi zinaruka mapema kuliko inavyotakiwa, injini hutoa mlio mwembamba kama wa mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo. Mafundi wa Arua waliuita hivyo hivyo, kokoto. Ukiuacha uendelee, pistoni zinatoboka. Ukizirudisha cheche nyuma kupita kiasi, mlio unakoma lakini gari linalegea, linachemka na kunywa petroli kwa pupa. Pale katikati ndipo penye kazi, na mume wangu alipajua kuliko fundi yeyote mjini, mpaka walipompiga.

Mimi ni mzaliwa wa Aroi, binti wa wakulima wa mihogo. Yeye alikuwa Mnubi wa mjini Arua, mjukuu wa askari. Kilugbara chetu hakukijua zaidi ya salamu na matusi, nami Kinubi changu kilikuwa cha jikoni tu, kwa hiyo tulipendana na kugombana kwa Kiswahili. Tuligombana sana. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanidhania mke mpole.

Gereji aliyofanyia kazi ilikuwa ya Mhindi. Mhindi alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, gereji ikapewa mtu mmoja ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuwa na shemeji jeshini. Bosi huyo hakujua kutofautisha spana na bisibisi. Siku zake za mwanzo alizunguka akifungua makabati kama aliyepotelewa na kitu, na katika kabati moja akaikuta taa ya taiming, ya kupimia wakati cheche zinaporuka. Taa ile huelekezwa kwenye puli ya injini. Kila cheche inaporuka nayo inawaka na kuzima, na fundi anaiona alama ya kwenye puli kana kwamba imesimama, ingawa injini inazunguka. Ni kifaa cha maana sana, ila kwa bahati mbaya kina umbo la bastola. Bosi akakipenda, akakipeleka kwake, watoto wake wakakichezea polisi na wezi mpaka kikafa. Mume wangu aliponisimulia tulicheka hadi tukashika mbavu. Siku hizo bado tulikuwa tunacheka.

Kusema kweli, hata kama taa ingekuwepo isingetusaidia sana. Alama ya kwenye puli ilichongwa na watu waliojua petroli nzuri. Petroli yetu katika miaka ile ilikuja kwa mapipa, mengi yamepitia Oraba mpakani, na kila mkono iliopitia ulikuwa umeongeza mafuta ya taa ili pipa lijae. Petroli ya namna hiyo inawaka ovyo. Ukifuata alama, unapata kokoto. Kwa hiyo mafundi wetu waliitafuta taiming kwa mlima na masikio. Unalegeza distribyuta, ile inayogawia plagi umeme wa cheche, unaizungusha kiasi cha upana wa ukucha, unaikaza, kisha unapanda na gari Arua Hill kwenye ofisi za serikali, gia ya juu, mguu umekanyaga mafuta hadi chini. Ukisikia kokoto chache pale mwinuko unapoanza, kisha kimya, hapo ndipo penyewe. Ukizisikia mpaka juu, unashuka na kurudisha kidogo. Usiposikia chochote, gari limelala, unaipeleka taiming mbele.

Kisha lori moja la kambi ya jeshi lililopita mikononi mwa gereji yetu likazimika njiani likiwa na mzigo ambao hatukuambiwa ni wa nini. Mafundi wote wakachukuliwa kambini. Wenzake walirudi jioni ileile. Wangu alikaa huko siku kadhaa, na aliporudi alikuja kwa miguu yake mwenyewe, shati limefuliwa, usoni hana jeraha. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Hakuitikia. Nilipomsogelea nikaona damu iliyokauka ndani ya sikio la kulia. Walimpiga makofi ya masikio, viganja viwili kwa mara moja, wakapumzika, wakarudia.

Sikio la kulia lilikufa kabisa. La kushoto likabaki na sauti nzito tu: radi, ngoma, muungurumo wa ekzosi, mtu anayepiga kelele karibu. Sauti nyembamba zote zilimtoka. Hakusikia tena ndege, wala mtoto akilia chumba cha pili, wala kokoto.

Tulikubaliana asijue mtu. Bosi alikuwa ameshawafukuza watu kwa makosa madogo kuliko uziwi, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya gereji. Lakini hilo ni la tumbo tu. Hofu kubwa ilikuwa nyingine. Mtu aliyetoka kambini alitakiwa atoke mzima. Akitoka na kilema, basi anatembea mjini akishtaki hata kama amefunga mdomo, na wale waliompiga wanakutana naye sokoni kila siku. Watu wa aina hiyo walichukuliwa mara ya pili, na ya pili haikuwa na kurudi. Kwa hiyo alikwenda kazini kama kawaida. Kuzungumza kwa sauti ya juu kulionekana mazoea ya gereji. Aliowazoea aliwasoma midomo. Kilichobaki kumfichua ni kokoto.

Mimi nilikuwa nikipika chakula cha mchana na kuwauzia makarani wa zile ofisi za mlimani. Sufuria ni nzito, na mlima ule haubembelezi mtu. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa fundi alipoanza kupanga majaribio yake ya magari saa za mchana, mkewe akiwa kiti cha nyuma na sufuria ya maharage mapajani. Bosi alidhani tunamwibia petroli. Alitukaripia, kisha akanyamaza, maana maharage yale naye aliyala bure.

Kunifundisha kulikuwa vita. Atanifundishaje sauti asiyoisikia mwenyewe? Akabuni njia. Alichukua gari bovu la gereji, akaipeleka taiming mbele kupita kiasi, mahali ambapo ni lazima kokoto zilie, akanipandisha mlimani. "Kitu yote wewe nasikia sasa na jana hukusikia," akanipigia kelele, "hiyo ndio yenyewe!" Nikasikia vali, nikasikia feni, nikasikia vijiko vyangu vikigongana ndani ya kapu. Tukashuka, akarudisha kidogo, tukapanda tena. Nikakasirika, nikamwambia atafute mke mwingine mwenye masikio ya popo. Hakusikia, akacheka kwa sababu aliona uso wangu tu. Siku moja, pale kona ya mwisho kabla ya ofisi, nikaitenga ile sauti na zote, nyembamba, kavu, na tangu siku hiyo sijawahi kuipoteza. Hata leo gari la mtu likipita barabarani na kokoto zake, mwili unanisisimka.

Nilikaa nyuma yake, goti langu limegusa mgongo wa kiti chake. Nikisukuma mara moja, kokoto. Baadaye wateja walipotaka kujaribu magari yao wenyewe na fundi akae kando, tukaongeza: nikisukuma mara mbili, umeulizwa kitu, jibu ndiyo. Ishara ya hapana hatukuwa nayo. Wenye magari siku zile walikuwa watu wa aina moja, na hapana si jibu walilozoea kupewa.

Hivyo tuliishi, na tuliishi vizuri kuliko mnavyodhani, mpaka alipokuja afande mmoja na gari jeupe la Kifaransa lisilo na kabureta.

Gari la kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, lina huruma. Ukikosea taiming, unaongeza petroli kidogo pale juu, linavumilia mpaka kesho. Lile lilikuwa la pampu. Pampu ilijipimia petroli yenyewe na kuisukuma kwa nguvu hadi kwenye kila silinda, na vipimo vyake viliwekwa kiwandani. Fundi wa Arua aliyeifungua hakuweza tena kuirudisha, na magari mawili ya namna ile yalikuwa tayari yamelala mjini yakifugiwa kuku. Kwa gari hilo kilichobaki mkononi mwa fundi ni cheche peke yake, na cheche zikikosewa hakuna pa kujificha.

Niliwakuta gerejini nilipopeleka chakula. Afande alikuwa mrefu, mzaliwa wa Koboko, na masharubu mazito yaliyofunika mdomo wa juu. Masharubu yale yalinitia hofu kuliko bunduki ya dereva wake, kwa sababu mume wangu hakuweza kumsoma midomo. Nikasimama nyuma ya afande, kapu kichwani, nikawa narudia maneno yake kwa midomo bila sauti.

"Kuna kitu nalia ndani ya hii gari," afande akasema. "Fungua pampu."

"Pampu hapana, afande!" mume wangu akajibu. Kwa mambo ya injini tu ndipo alithubutu. "Pampu iko mzima. Shida iko petroli na taiming!"

"Mbona wewe nasema na mimi kama niko ng'ambo ya mto?"

Hilo sikuweza kulirudia kwa midomo, maana afande alikuwa ameshaanza kugeuka kuona mtu anaangalia nini nyuma yake. "Ni nyundo za gereji, afande," nikasema haraka. "Hata nyumbani anatupigia kelele hivyo hivyo." Akanitazama kwa muda, sijui aliona nini, kisha akacheka kidogo. Nikashusha kapu kwa haraka, mchuzi ukanimwagikia begani.

Tukapanda mlima, mume wangu akiendesha, mimi nyuma na sufuria, afande akisubiri chini. Tulipanda, tukashuka, akazungusha ile distribyuta, tukapanda tena, mpaka zikalia kokoto chache pale mwanzo na kukoma. Afande alilijaribu mwenyewe, akarudi amefurahi. Nami nikavuta pumzi. Ndipo akasema kwamba mama yake amefariki, na karama yake ya siku ya arobaini, yaani kisomo na chakula cha kumwombea, iko kesho kule Koboko. "Fundi utaenda na mimi, gari ikisumbua njiani utengeneze. Na huyu mama wa maharage aende asaidie kupika."

Nyumbani nilimwambia ajifanye ana malaria. Akakataa. "Nikikataa atauliza sababu," akasema, na nikajua anasema kweli, na nikachukia kwamba anasema kweli.

Asubuhi afande alipotuchukua, petroli ilikuwa imebadilika. Usiku ule tangi lilijazwa kutoka pipa lake mwenyewe, na mume wangu, ambaye pua yake ilikuwa nzima, aliinama kwenye mfuniko wa tangi akanusa mafuta ya taa. Alinitazama. Kazi yote ya jana ilikuwa imekufa. Ndani ya buti kulikuwa na gunia la mchele, sukari ambayo madukani hatukuwa tumeiona kwa miezi, na mbuzi mmoja aliyefungwa miguu. Afande akashika usukani, mume wangu akakaa kando yake, mimi nyuma ya mume wangu. Goti langu nikaliweka mahali pake.

Mbuzi alilia. Alilia kutoka Arua, akalia tulipoipita njia ya kwenda kwetu, na kila mwinuko ulipoanza alipandisha sauti, kana kwamba yeye ndiye aliyelipwa kunizuia kusikia. Laiti ningekuwa na kisu, karama ingeanzia pale pale njiani. Nilifumba macho, nikasikiliza chini ya sauti ya mbuzi, chini ya upepo, chini ya matairi. Zilikuwepo. Nikasukuma.

"Afande, simama kidogo!" mume wangu akasema.

Akafungua boneti, akalegeza, akazungusha, akakaza. Mwinuko uliofuata zikalia tena, safari hii chache zaidi. Nikasukuma. Akashuka tena. Afande hakukasirika. Alisimama kando yake akimwangalia anavyoshika distribyuta kwa vidole viwili, taratibu, kana kwamba inaweza kuamka. Mlima wa tatu ulikuwa mrefu kuliko yote. Kokoto zikalia kidogo pale chini, moja, nyingine, kisha kimya mpaka juu, na gari likavuta vizuri na mzigo wake wote. Goti nililiacha limetulia. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Fundi, wewe iko na masikio!" afande akasema, akimpiga begani. "Mimi sikusikia hata kitu moja." Nikasukuma mara mbili. "Ndiyo, afande," mume wangu akajibu.

Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia. Afande akapunguza mwendo bila sababu, barabara ikiwa tambarare na haina mtu, na akaanza kusema akiwa ameangalia mbele, kwa sauti ya chini sana, ya mtu anayesema na mwenzake kitandani.

"Fundi. Ile siku za kambi, wewe ulidhani ni vijana tu. Mimi ndio nilitoa amri. Nilikuwa nje ya mlango. Mimi nilisema wakupige ya masikio, kwa sababu haiachi alama." Akameza mate. "Leo nasimama mbele ya watu kuombea mama yangu dua. Sheikh amesema, kama iko mutu nimemtesa, nimuombe yeye kwanza. Mimi nimetesa watu. Wengine haiko tena. Wewe uko. Wewe nanisamehe?"

Mume wangu alikuwa akitazama mihogo ya watu dirishani. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyemaliza kazi ngumu na imekubali.

Afande akasubiri. Niliona sikio lake limewekwa tayari kupokea jibu. Goti langu lilikuwa mahali pake. Kusukuma mara mbili tu, na mume wangu angesema "Ndiyo, afande," kwa ile sauti yake kubwa, na tungefika Koboko salama, na siri yetu ingebaki yetu. Nisiposukuma, kimya kile kingekuwa hapana, na sikujua afande mwenye bastola kiunoni hufanya nini akinyimwa msamaha njiani. Nilimwona tena mume wangu anavyoingia mlangoni na shati lililofuliwa. Walilifua wao! Walikaa wakamfulia shati! Hasira ilinipanda. Huyu mtu alitaka asamehewe na mtu aliyemziba masikio, tena kwa sauti ya chini, bila hata kujichosha.

Goti nililiondoa kwenye kiti.

"Afande," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo. "Hakusikii. Tangu kambini hasikii."

Hakugeuka. Aliegesha gari kando, akazima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Hata mbuzi alinyamaza. Na mume wangu, aliyehisi tu kwamba gari limesimama, alidhani kokoto zimerudi na mimi sikumwambia. Akanigeukia kwa lawama, akachukua spana yake miguuni, akashuka na kwenda kufungua boneti.

Afande naye akashuka. Nikawaona kupitia kioo cha mbele, chini ya ukingo wa boneti, mikono ya mume wangu tu na mkanda wa afande. Nikashusha kioo cha dirisha nikatoa kichwa. Afande alikuwa amemwinamia upande wa kushoto, karibu kabisa.

"Mimi ndio..." akaanza kwa nguvu.

Kulikuwa na wanawake wanatoka shamba na vikapu vya mihogo kichwani. Walisimama. Walisimama kama watu walivyosimama siku hizo mwanajeshi akipaza sauti, macho chini, tayari kukimbia, lakini masikio yako wazi. Afande akawaona. Akashusha sauti, akasema jambo refu, nikaona masharubu yakicheza.

"Sema na nguvu, afande!" mume wangu akamwambia, bado akiificha siri ambayo haikuwepo tena. "Hapa upepo mingi!"

Upepo haukuwepo. Jani halikutikisika. Afande akawatazama wale wanawake, akanitazama mimi dirishani, akamtazama fundi aliyekuwa ameinua uso na kutabasamu, akingoja aambiwe gari lina shida gani. Niliomba kwa moyo wangu wote aseme. Sikutaka kitu kingine duniani. Apige kelele mara moja tu, wasikie wenye mihogo, wasikie hata huko Koboko.

"Hakuna kitu," afande akasema kwa sauti kubwa. "Funga boneti."

Koboko nilipika. Niliweka chumvi nyingi kwenye wali, kwa makusudi, na watu waliula wote. Baada ya kisomo afande alisimama mbele ya wanaume, akawaomba, kama ilivyo desturi, kwamba yeyote aliyekosewa na marehemu mama yake kwa neno au kwa tendo amsamehe. Wote wakaitikia kwa pamoja kwamba wamesamehe. Mume wangu alikaa katikati yao kwenye mkeka. Walipoinua mikono aliinua, walipopangusa uso alipangusa. Afande alilia, na watu wakamsifu kwamba alimpenda sana mama yake.

Hakuturudisha. Alituambia tupande lori. Ndani ya lori sikuweza kumweleza mume wangu chochote, kwa sababu kumwambia siri ilibidi kupiga kelele. Nilingoja mpaka nyumbani. Nikafunga mlango, nikafungua redio mpaka mwisho, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kushoto nikamwambia yote, nani alitoa amri, alisimama wapi, alichoomba, na nilichofanya. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Wewe ulimwambia sisikii?"

"Ndiyo."

Akaenda kuoga.

Tulingoja wamfuate. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba nililichungulia dirishani. Hawakuja. Aliyekuja ni bosi, akasema amesikia kutoka kwa wakubwa kwamba fundi wake ni kiziwi, na kiziwi atawaunguzia watu injini. Alisema hivyo kwangu, siyo kwake. Tukatoa vitu vyetu. Yule aliyepewa nafasi yake alikuwa na masikio mazuri kabisa, na gari jeupe alilifungua pampu.

Tulihamia kwetu Aroi. Baba yangu alitupa kipande cha shamba, na mume wangu, mtu wa mjini tangu babu yake, akajifunza kupanda mihogo na kutengeneza baiskeli za watu, kazi isiyohitaji masikio. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililonisumbua. Angenigombeza ningemjibu, na majibu nilikuwa nayo tele, nimeyapanga. Alikula, alifanya kazi, alisali, alicheza na watoto, na kila gari lililopita barabarani aliinua kichwa kulitazama mpaka linapotea.

Siku moja, amepindua baiskeli ya mwalimu juu chini, anakaza spoku, akasema bila kuniangalia, kwa ile sauti yake kubwa:

"Mimi ningesema ndiyo."

Nilijua mara moja anasema juu ya nini. Nikaacha kumenya mihogo.

"Hata na masikio yangu mbili mzima, ningesema ndiyo. Yule ni afande. Wewe ulitaka mimi niseme nini?"

Nilikuwa nimekaa upande wake wa kulia, ule uliokufa. Majibu yote niliyoyapanga yalinitoka, likabaki moja, na hilo sikuwa nimelipanga.

"Nilitaka uulizwe," nikasema.

Alikuwa ameshainama tena kwenye gurudumu. Ili alisikie neno hilo ilinibidi niinuke, nizunguke upande wa kushoto, nilirudie kwa kupiga kelele, na mwalimu yupo pale anangoja baiskeli yake, na mama yangu yuko jikoni, na watu wanapita. Nikachukua muhogo mwingine nikaendelea kumenya.